Daktari Anapokabidhiwa Ofisi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kutumia Mafunzo ya Uongozi

Jumatatu yangu ya kwanza nikiwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, nilifika ofisini bado nimevaa kandambili za chumba cha upasuaji. Katibu wa afya aliingia na faili, akalifungua katikati, akaweka kidole pale mstari ulipo. "Dokta, sahihi yako tu hapa." Ilikuwa hati ya malipo: masurufu, yaani fedha za kutanguliza zinazodaiwa hesabu baadaye, ya dizeli ya jenereta. Nikasaini kama nilivyozoea kusaini fomu ya kuombea damu, nimesimama, simu iko sikioni, wodi ya wazazi wananiita. Miezi saba baadaye wakaguzi walikuja na hati ile ile. Fedha zilitoka kwenye kasma (fungu la bajeti) ya dawa, marejesho ya masurufu hayajafanyika, na wa kujibu hoja ni yule ambaye jina lake liko chini ya karatasi. Nilikuwa nimesoma udaktari miaka mitano, nikamaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, nikajua kuzuia damu ya mama aliyejifungua kwa mikono yangu miwili. Masurufu ni nini, hakuna aliyewahi kunieleza.

Tangu siku hizo nimehudhuria mafunzo ya uongozi mara mbili. Ya kwanza yalikuwa ya siku tano, hotelini. Nilirudi na begi, cheti, na flashi iliyojaa slaidi ambazo sijazifungua mpaka leo. Ya pili yalichukua miezi sita, tulikaa kwenye ukumbi wetu wenyewe wa mikutano wenye feni moja mbovu, na yalibadilisha namna hospitali yetu inavyowapasua akina mama usiku. Walimu wa hotelini hawakuwa wabaya hata kidogo. Mara ya kwanza nilikwenda mikono mitupu. Mara ya pili nilikwenda na tatizo. Hatua zinazofuata zote zinatoka hapo. Nawaandikia madaktari wenzangu walio kazini, hasa Tanzania, ingawa mwenzangu wa Kenya atajiona humu mara nyingi.

Hatua ya 1: Jua umekalia kiti gani

Matangazo ya kozi husema "uongozi kwa wataalamu wa afya" kana kwamba sote tunafanya kazi moja. Mkuu wa idara ana watu lakini hana fedha: kazi yake ni zamu, ripoti ya asubuhi, madaktari wapya, na muuguzi mfawidhi wa wodi ambaye alikuwapo kabla yake na atakuwapo baada yake. Mganga mfawidhi ana watu, fedha, dawa, majengo, gari la wagonjwa lisilo na tairi, na bodi au kamati inayokaa kumuuliza maswali. Mganga mkuu wa halmashauri ana zahanati na vituo vya afya vingi, anaandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na nusu ya kazi yake hufanyika mbele ya mkurugenzi na madiwani. Kozi inayomfaa mmoja inaweza kumpotezea mwingine muda.

Kiti cha katikati ndicho kilichobadilika zaidi. Mwaka wa fedha 2017/18 Tanzania ilianza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kuzishikilia halmashauri. Uamuzi mzuri, mimi siwezi kuupinga. Ila tabibu aliyekuwa akiomba pamba kwa barua akajikuta ana akaunti benki, anapaswa kujaza mpango kwenye PlanRep, kurekodi matumizi kwenye FFARS, na siku hizi kununua kupitia NeST, mifumo ya kompyuta ya serikali ya mipango, hesabu na manunuzi. Kenya nao walipita njia inayofanana: ugatuzi wa 2013 ulihamishia hospitali nyingi mikononi mwa kaunti, na sheria ya 2023 ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo ikaziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Fedha zimesogea karibu na kitanda cha mgonjwa, na daktari amesogezwa karibu na mkaguzi.

Zoezi la hatua hii ni dogo lakini usiliruke. Nunua daftari la mfukoni. Kwa wiki mbili, kila jambo la kazi lisilo la kumhudumia mgonjwa moja kwa moja, liandike kwa mstari mmoja: nani alikuja, alitaka nini, ulifanya nini. Mwisho wa wiki ya pili weka alama pembeni ya kila mstari: watu, fedha, dawa na vifaa, takwimu, wakubwa. Mimi nilikuwa na hakika kwamba kinachonielemea ni fedha, kwa sababu ya lile jeraha la dizeli. Daftari lilisema vingine. Zaidi ya nusu ya mistari ilihusu watu: nani hakuja zamu, nani hasemi na nani, nani anadai posho ya kuitwa usiku. Bila daftari lile ningelipia kozi ya fedha.

Hatua ya 2: Pata tatizo moja, liandike kwa namba

"Huduma ni mbovu" si tatizo, ni malalamiko. "Watumishi hawana moyo" ni malalamiko ya wakubwa. Tatizo la kwenda nalo mafunzoni lina mahali, lina namba, na linaweza kupimwa tena baada ya miezi sita na mtu asiyekupenda.

Langu lilikuwa hili: kutoka daktari anapoamua kwamba mama apasuliwe kwa dharura hadi kisu kinapogusa ngozi, tunatumia muda gani? Kipimo kinachotumika sana duniani ni dakika 30. Sikuwa na haja ya mtafiti wala ya fedha. Nilichukua mafaili ya akina mama 20 wa mwisho, nikafungua patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) na maelezo ya daktari kutafuta saa ya uamuzi, kisha nikafungua rejista ya chumba cha upasuaji kutafuta saa ya kuanza. Mafaili saba hayakuwa na saa ya uamuzi kabisa. Mwanzoni niliyaweka pembeni kwa hasira. Baadaye nikaelewa kwamba yale saba ndiyo yaliyokuwa yakinieleza zaidi. Kwa yale 13 yaliyobaki nilipanga dakika kutoka ndogo hadi kubwa na kutazama ile ya katikati, ya saba. Ilikuwa dakika 105.

Usitumie wastani hapa. Mama mmoja aliyesubiri saa sita kwa sababu umeme ulikatika atavuruga hesabu nzima, na kikaoni watu watajadili umeme badala ya kujadili mambo ya kila siku.

Kama huna wodi ya wazazi, matatizo yapo tele. Madai ya bima yanayokatwa kwa sababu fomu haina sahihi ya daktari. Wagonjwa wa nje wanaoondoka kabla ya kuonwa. Dawa zinazoonekana zipo kwenye bin kadi (kadi ya hesabu ya stoo) na hazipo kwenye rafu. Chagua linalokukera na ambalo angalau nusu ya visababishi vyake vipo ndani ya uzio wa hospitali yako. Ukichagua "upungufu wa watumishi" utamaliza mafunzo ukiwa umeandika barua kumi za kuomba ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), na ikama haitoki mezani kwako.

Hatua ya 3: Linganisha aina za mafunzo na tatizo hilo

Nianze na ndefu. Shahada ya uzamili inakupa lugha, mtandao wa watu na karatasi inayotambulika. Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) kina shahada ya uzamili ya afya ya jamii yenye mkondo uliopangwa kwa ajili ya watu walio kazini. Mzumbe, kule Morogoro, wamejijengea jina katika usimamizi wa mifumo ya afya, na makatibu wa afya wengi unaofanya nao kazi wamepitia kwao, jambo ambalo lenyewe ni sababu ya kutosha ya kujua wanachofundishwa. Nairobi, Strathmore wanatoa uzamili wa usimamizi wa biashara unaoelekea huduma za afya, na madaktari wengi wa hospitali binafsi hupita huko. Maoni yangu, na wapo wanaonipinga: kama hujafanya ubingwa na bado unaupenda, fanya ubingwa kwanza. Kwenye kikao cha hospitali sauti ya bingwa husikika kabla hajamaliza sentensi. Shahada ya usimamizi inamfaa aliyekwisha amua kwamba wodini harudi tena, au anarudi siku moja kwa wiki.

Kisha kuna mafunzo ya uongozi yasiyo ya afya peke yake. Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa Dar es Salaam 2010, huendesha stashahada ya uzamili ya uongozi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland. Hapo utakaa meza moja na watu wa ardhi, wa nishati, wa hazina. Daktari aliyekaa na mtu wa hazina kwa miezi kadhaa hujifunza kwa nini bajeti yake hukatwa, na ataandika ombi la mwaka ujao kwa namna nyingine. Kenya, Chuo cha Serikali kina kozi za usimamizi wa ngazi ya juu ambazo watumishi wa umma huzipitia wanapotazamia kupanda daraja.

Aina ya tatu ndiyo ninayoipigia debe: mafunzo ya timu, mahali pa kazi, juu ya tatizo halisi. Shirika la Management Sciences for Health liliianzisha kwa sura inayojulikana leo kule Aswan, Misri, mwaka 2002, pamoja na wizara ya afya ya nchi hiyo. Daktari haendi peke yake. Anakwenda na matroni, mtu wa maabara, mhasibu. Wanakutana mara kadhaa kwa miezi minne hadi sita, na kati ya kikao na kikao wanarudi kazini kujaribu. Zana yake kuu ni karatasi moja. Juu kabisa mnaandika dhamira ya hospitali, kisha picha ya mnachotamani kukiona, kisha tokeo moja linalopimika. Upande wa chini mnaandika hali ilivyo sasa. Katikati ndipo penye kazi: vikwazo, visababishi vyake, na vipaumbele. Swali linalounganisha yote ni moja: tutafikaje kwenye tokeo lile kwa kuzingatia vikwazo hivi? Karatasi hiyo inaonekana kama mchezo wa watoto mpaka timu inapogombana kwa saa nzima juu ya kipi ni kikwazo na kipi ni kisababishi.

Ndugu wa karibu wa njia hiyo tunaye nyumbani tayari. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia 5S na Kaizen, mbinu za Kijapani za kupanga na kuboresha mahali pa kazi, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, kwa mfano uliokuwa umefanya vizuri katika hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka. Wajapani walileta S tano; sisi tukazitafutia za kwetu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wengi wameishia kwenye kupaka mistari ya rangi sakafuni na kubandika lebo kwenye kabati, kisha wakasema 5S haina maana. Sehemu ya uongozi iko kwenye timu za uboreshaji kazi: mhudumu wa wodi anapewa ruhusa ya kusema mbele ya daktari kwamba kabati hili linatuchelewesha, na daktari analazimika kujibu. Ukipata kozi ya 5S inayofundisha timu hizo namna ya kukutana na kupima, ichukue. Ni nafuu na iko karibu.

Kozi za siku tatu hadi tano zina kazi yake, ila kazi hiyo si uongozi. Ukitaka kujua kununua kupitia NeST, au kusoma taarifa ya mapato na matumizi, siku tatu na mwalimu mzuri zinatosha. Kozi za mtandaoni zinafaa kwa anayesoma saa kumi alfajiri bila kusukumwa, mimi siwezi.

Vipo pia vyama vya madaktari viongozi ughaibuni. Marekani kipo tangu 1975, Uingereza walianzisha cha kwao 2011, na vyeti vyao vinaheshimika. Nimesoma maandiko yao na kufaidika. Ila mara kwa mara nilijikuta nacheka, maana daktari wanayemzungumzia ana mtu mwingine wa kununua dizeli.

Hatua ya 4: Ihoji kozi kabla hujalipa

Piga simu. Usitume barua pepe, piga simu, uongee na mratibu. Mratibu anayejua kozi yake atakujibu haya papo hapo:

- Nani kati ya walimu amewahi kuongoza hospitali au wilaya, na alitoka lini?
- Kati ya kikao kimoja na kingine kuna kazi ya kufanya kituoni kwangu, au tunasubiriana hotelini?
- Naweza kuja na matroni na mhasibu wangu?
- Baada ya cheti, nani atakuja kituoni kutazama, na baada ya miezi mingapi?
- Kozi imesajiliwa kwa pointi za mafunzo endelevu za Baraza la Madaktari?

Swali la tatu linapima zaidi ya mengine. Daktari anayesoma uongozi peke yake hurudi akiongea lugha ambayo hakuna mwingine hospitalini anayeielewa, na baada ya wiki mbili huchoka kutafsiri. Na kama sifa ya kwanza inayotajwa na mratibu ni jina la hoteli, umekwisha kupata jibu.

Mtafute pia aliyehitimu mwaka mmoja au miwili iliyopita, umuulize jambo moja tu: kazini kwako kimebadilika nini kinachoonekana? Akianza na "kwa kweli ilinifungua macho," mpe muda. Akitaja kitu, rejista, ubao, foleni iliyopungua, andika jina la kozi.

Hatua ya 5: Ruhusa, fedha, na atakayekushikia

Hapa madaktari tunajikwaa kwa kiburi. Tunadhani umuhimu wa kozi unajieleza wenyewe. Kwenye utumishi wa umma haujielezi: unatakiwa uwe umethibitishwa kazini, na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Ukikumbuka kozi mwezi wa Juni umechelewa mwaka mzima. Nenda kwa afisa utumishi mapema, kwa adabu, uulize fomu ya mahitaji ya mafunzo inajazwa lini. Mtu huyu hutafutwa na madaktari pale tu wanapotaka kupandishwa daraja. Ukimsalimia siku isiyo ya shida atakukumbuka.

Barua ya kuomba ruhusa ipitie kwa mkuu wako wa kazi, iwe ya ukurasa mmoja, na itaje mambo matatu: tatizo la hospitali kwa namba yake, kozi itasaidia vipi tatizo hilo, na nani atashika nafasi yako siku ambazo hupo. Hilo la tatu ndilo linalofungua kalamu ya mkurugenzi. Andika jina. Kabla hujaliandika, nenda ukaongee na mwenye jina.

Usimwachie anayekaimu kwa maneno ya kolido. Fanya makabidhiano kwa maandishi: mafaili yaliyo wazi, malipo yanayosubiri, mipaka ya anachoweza kuidhinisha. Na ukipata ufadhili wa nje, soma masharti ya kutumikia baada ya masomo kwa miwani ile ile unayosomea picha ya X-ray.

Hatua ya 6: Ukiwa darasani

Kaa mbali na madaktari wenzako. Tukikaa pamoja tunaongea kesi. Kaa karibu na mfamasia au mhasibu, na mapumziko ya chai muulize madaktari humkera kwa lipi. Mhasibu mmoja wa wilaya nyingine aliniambia, akikoroga chai taratibu: "Nyinyi mnasaini kama mnaandika dawa. Sisi tukisaini tunasoma." Maneno yale yalikuwa na thamani kuliko mada nzima ya usimamizi wa fedha.

Zoezi litakalokutoa jasho ni la mazungumzo magumu. Mkufunzi alitupanga wawili wawili. Mimi nikapewa kucheza mganga mfawidhi, mwenzangu akacheza daktari anayechelewa zamu kila Ijumaa, ambaye ni rafiki yangu tuliyesoma chuo kimoja. Nikaanza: "Ndugu yangu, unajua mimi sina neno na wewe, lakini watu wanasema..." Mkufunzi akanisimamisha. "Watu gani?" Nikanyamaza. "Umeona mwenyewe au hujaona?" Nimeona. "Basi sema ulichoona." Nilirudia mara nne kabla sijaweza kusema kwa sauti ya kawaida: "Ijumaa tatu zilizopita umefika saa nne. Zamu inaanza saa moja na nusu. Sista alikaa na wagonjwa wawili mahututi peke yake. Nini kinatokea Ijumaa?" Kisha ninyamaze nisikilize. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Tumefundishwa kuuliza mgonjwa historia bila kumhukumu: imeanza lini, inazidi saa ngapi, nini kinaipunguza. Kwa mtumishi mwenzetu tunaruka moja kwa moja kwenye utambuzi na dozi. Mafunzo mazuri yatakurudisha kwenye kuchukua historia.

Kozi ikitoa tathmini ambapo walio chini yako wanajaza fomu kukuhusu bila kuandika majina, usiikwepe. Wahenga walikwisha kusema mganga hajigangi. Ya kwangu ilisema kwamba nikiwa na haraka huwa nawajibu watu huku natazama simu. Nilikanusha kwa siku mbili, kisha mke wangu akasoma ile fomu akacheka.

Hatua ya 7: Kurudi na kufanya

Siku ya kwanza baada ya kila kikao cha mafunzo, usiitishe mkutano wa "kutoa mrejesho". Watu watakuja kwa ajili ya soda. Ita wale wanaohusika na tatizo tu. Sisi tulikuwa saba: matroni, mkunga wa zamu ya usiku, mtoa dawa ya usingizi, mtu wa maabara, dereva, mhudumu wa chumba cha upasuaji, na mimi. Tulikaa wodini, si ofisini kwangu, tukaufuata usiku mmoja wa mama mmoja dakika kwa dakika.

Saa 7:10 usiku daktari anaamua. Saa 7:25 fomu ya ridhaa inatafutwa, zimeisha, mtu anaenda kuzichukua wodi ya upasuaji. Saa 7:40 mtoa dawa ya usingizi anapigiwa kwa simu ya mkunga, salio linaisha katikati ya mazungumzo. Saa 7:55 ufunguo wa chumba cha upasuaji hauonekani. Anao mhudumu aliyekwenda kunywa chai langoni. Saa 8:05 maabara wanasema hawajaambiwa kuhusu damu. Kila aliyekuwa pale alikuwa amefanya sehemu yake. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuita wengine.

Tukauliza "kwa nini" mpaka tukafika mahali pa kushika. Ufunguo ukatundikwa kwenye kisanduku chenye kioo, ukutani, wodi ya wazazi. Simu moja ya hospitali ikawekewa vocha kila Jumatatu, na vocha hiyo ikaingizwa kwenye mpango wa matumizi kwa kasma yake sahihi, maana sasa nilijua. Pakiti ya fomu za ridhaa na chupa za sampuli ikakaa tayari kwenye sanduku moja. Mkunga kiongozi wa zamu akapewa jukumu la kupiga simu tatu kwa mpangilio ulioandikwa, na daktari yeyote, hata mimi, hana ruhusa ya kumwondoa kwenye simu mpaka amalize. Saa ya uamuzi ikawa inaandikwa na mkunga ubaoni papo hapo, hata daktari akisahau kuiandika kwenye faili.

Pima kila mwezi kwa njia ile ile uliyoanza nayo: mafaili 20, namba ya katikati. Bandika namba hiyo mahali ambapo waliofanya kazi wataiona, si kwenye taarifa ya kwenda juu peke yake. Mwezi wa kwanza yetu ilikuwa 98, na mtu mmoja akasema kwenye kikao kwamba haya ni mambo ya wazungu. Mwezi wa nne ilikuwa 52. Mchana tunakaribia 30 siku nyingi; usiku bado hatufiki, kwa sababu mtoa dawa ya usingizi anaishi mbali na nyumba ya mtumishi iliyo jirani haijaisha kujengwa. Hilo nimelipeleka kwenye bodi likiwa na namba yake, na limeingizwa kwenye bajeti. Kama litapita, sijui.

Namba ikipanda tena usitafute mkosaji. Tulipopanda hadi 80 mwezi wa sita, sababu ilikuwa mkunga mpya ambaye hakuna aliyemweleza kuhusu zile simu tatu. Tukaandika maelekezo kwenye karatasi moja, tukayabandika pembeni ya kisanduku cha ufunguo.

Hatua ya 8: Kama hakuna kozi wala fedha

Endesha darasa lako. Saa moja, kila Alhamisi baada ya ripoti ya asubuhi, wiki kumi. Madaktari wote, wauguzi wafawidhi wa wodi, na yeyote anayetazamiwa kukaimu. Usifundishe wewe. Mhasibu aje na taarifa halisi ya mwezi uliopita na aeleze kasma moja baada ya nyingine, watu wamuulize. Mfamasia aje na orodha ya maombi yaliyopelekwa Bohari ya Dawa, aonyeshe kilichokuja na ambacho hakikuja. Katibu wa afya afundishe kuandika dokezo na muhtasari wa kikao. Afisa utumishi aeleze hatua za nidhamu kabla hamjazihitaji. Wiki mbili ziwe za mazungumzo magumu, wawili wawili kama tulivyofanya sisi, milango ikiwa imefungwa. Wiki tatu ziwe za tatizo moja la wodi moja, kwa ile karatasi ya dhamira, tokeo na vikwazo. Kila wiki daktari mmoja kijana akae nawe kwenye kikao cha menejimenti, kimya, na jioni akueleze alichoona.

Wiki ya mwisho mwite mkaguzi wa ndani. Mpe chai, kisha mpe nakala ya ile hati ya dizeli, aisome kwa sauti mbele ya madaktari wote, akianzia na sahihi.